Picha ya simu haitoki vizuri? Tazama dalili kabla hujanunua simu mpya

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye fundi wa picha, cheo nilichopewa bila kuomba. Shangazi akimpiga mjukuu picha ikatoka kama imepigwa ndani ya moshi, ananipigia. Binamu akifuta picha za mwanawe mchanga kwa bahati mbaya, ananipigia saa 5 usiku huku analia. Kwa miaka niliyofanya kazi hii isiyo na mshahara nimeona malalamiko ni yale yale yanazunguka, na ni mara chache mkosaji anakuwa kamera. Lakini kila mtu anaanza na hukumu ile ile: "Hii simu imechoka, nataka nyingine."

Ngoja kwanza. Dalili nimeziandika kama ninavyozisikia zikilalamikiwa, kisha chanzo na dawa. Nazungumzia picha za nyumbani: mtoto anakunywa uji, mama anakuna nazi, baba kasinzia na redio kifuani. Za harusi mtamlipa mwenye kamera yake.

## "Kila kitu kina ukungu"

Taa zinatoa miale mirefu, weupe umesambaa, nyeusi imekuwa kijivu. Karibu kila mara ni mafuta ya vidole. Simu inashinda mkononi, mfukoni, mezani pa chakula, na mtoto aliyemaliza andazi ameshaichezea. Pumulia kioo cha kamera kidogo, kisha kifute kwa kitambaa laini cha pamba. Kipande cha khanga iliyofuliwa mpaka ikachoka ni bora kuliko tishu. Usitumie pindo la shati ulilorudi nalo ufukweni. Chembe za mchanga zinakwaruza.

Umefuta na bado? Angalia kile kioo cha ziada ambacho vijana wa vibandani wanapenda kukibandika juu ya kamera. Vumbi huingia katikati na taa za usiku zinazaa vivuli vyake. Kibandue, piga taa ya barabarani, linganisha. Kama ukungu unatokea kwenye picha za flashi tu, shutumu kava: tundu lake limehama na mwanga wa flashi unarudi kwenye lenzi. Na kama umetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la Dar, huo ni mvuke tu, subiri dakika chache. Mvuke ukiwa upande wa ndani wa kioo na haukauki, maji yameingia. Zima simu, ipeleke kwa fundi. Habari za kuifukia kwenye mchele ziache. Vumbi la mchele linaishia kwenye tundu la chaji.

## "Imetikisika"

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea dawa, kwa sababu neno moja linabeba magonjwa matatu. Fungua picha, ikuze kwa vidole viwili, halafu usitazame uso wa mtu. Tazama ukuta nyuma yake.

Ukuta na mtu vyote vimevutika upande mmoja: mkono wako ndio uliotikisika. Ukuta umetulia, kalenda inasomeka, lakini mtoto ana mkia kama nyota: mtoto ndiye aliyecheza. Ukuta unasomeka na mtoto hana mkia ila uso umelegea, hauna kope wala nyusi: kamera ilishika ukuta badala ya uso.

La tatu ndilo jepesi. Gusa uso wake kwenye kioo kabla ya kupiga. Ukimsogelea sana, chini ya kiganja kimoja hivi, kamera kuu ya simu nyingi haiwezi kushika kabisa. Rudi nyuma hatua moja.

La kwanza na la pili yana mama mmoja: giza. Sebule yenye taa moja inakuridhisha wewe kwa sababu macho yamezoea, lakini kwa kamera ni pango. Inalazimika kuacha mlango wa mwanga wazi kwa muda mrefu, pengine sehemu moja ya 15 ya sekunde, na ndani ya muda huo mtoto wa miaka miwili ameshageuza shingo. Kwa mkono wako kuna tiba: bana viwiko mbavuni, egemea mlango, bonyeza kitufe cha sauti badala ya kugonga kioo. Kwa mtoto hakuna tiba ila mwanga. Msogeze karibu na mlango au dirisha, hata kwa kumdanganya na kipande cha muhogo. Au subiri: kila mchezo una nukta ya kutulia. Bembea ikifika juu kabisa husimama kidogo kabla ya kurudi. Mtoto akiruka kamba, kileleni anaelea. Piga hapo.

Ile hali ya usiku yenye alama ya mwezi haimfai mtoto. Inakusanya mwanga kwa sekunde moja, mbili, wakati mwingine zaidi, kisha inashona picha kadhaa kuwa moja. Inafaa kwa uwanja wa nyumba usiku wa mbalamwezi, au kwa bibi aliyelala. Kwa mtoto macho itakuletea mwenye mikono minne.

Kuna mtikisiko mmoja ambao kweli ni ugonjwa wa simu. Picha kwenye kioo inacheza hata ukiiweka simu mezani, unasikia mvumo, na kamera inatafuta uso bila kuupata. Simu nyingi za bei ya juu zina lenzi inayoelea kwa sumaku ili kutuliza mkono wa mpigaji, na sehemu hiyo haipendi mtetemo wa injini. Mwaka 2021 Apple wenyewe walionya kwamba kufunga iPhone kwenye usukani wa pikipiki yenye injini kubwa kunaweza kuidhoofisha. Kwa hiyo dereva wa boda anayetumia simu kama ramani siku nzima asishangae picha za watoto wake zikianza kulewa jioni. Ramani ibebwe na simu ya zamani.

## "Uso mweusi, dirisha jeupe"

Kamera haijui inachotazama. Inachojua ni wastani: nyeupe ikijaa, inapunguza mwanga, nyeusi ikijaa, inaongeza. Sasa mweke baba mdogo asubuhi ya Idi, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, kasimama mbele ya ukuta wa chokaa. Kamera inaona weupe mtupu, inashusha mwanga, na wa kulipia ni uso wake. Kanzu inatoka kijivu, uso unatoka makaa.

Gusa uso kwenye kioo. Kwenye simu nyingi kitatokea kijua kidogo pembeni. Kipandishe taratibu mpaka uone macho yake. Kanzu ikiungua kidogo, iungue. Hakuna mjukuu atakayeitafuta miaka 30 ijayo ili ahesabu nyuzi za kanzu.

Kama dirisha au mlango uko nyuma yake, usihangaike na vijua. Zunguka wewe. Simama upande wa dirisha, mwanga ukupige mgongoni, yeye umwangukie usoni. Hii peke yake inaponya nusu ya picha za ndani.

Nje tatizo linageuka. Kuanzia saa 5 asubuhi mpaka saa 9 alasiri jua letu liko utosini, macho yanakuwa mashimo na pua inatupa kivuli mdomoni. Usiwapange watu uani juani eti kuna mwanga wa kutosha. Waweke barazani au chini ya mwembe, wakitazama nje kwenye uwanja mweupe. Mchanga unarudisha mwanga kwa chini na kulainisha uso. Shuka jeupe lililoanikwa kwenye kamba linafanya kazi hiyo hiyo. Mwanga mzuri wa jioni tunao, ila karibu na ikweta hautungoji. Jua likishainama giza linaanguka upesi, kwa hiyo waite watu kabla hawajaanza kuulizana nani anaswali kwanza.

Na lawama zote tusijibebeshe. Upigaji picha wa rangi ulikua ukipimwa kwa ngozi nyeupe. Kodak, watengenezaji wa filamu za kamera, walikuwa wakipeleka maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Kampuni za simu zimeanza kusahihisha hivi karibuni. Google kwa mfano walianza na simu yao ya Pixel 6, mwaka 2021, kwa kuifundisha kamera yao ngozi za rangi nyingi zaidi. Kwa simu zilizo mikononi mwa wengi wetu, kijua bado unakipandisha kwa kidole.

## "Huyu si yeye"

Bibi yangu mzaa mama ni Mmakonde wa Newala, ana nembo usoni, chale za pembe-pembe kwenye paji na mashavuni alizochanjwa akiwa msichana. Mdogo wangu alimpiga picha kwa kamera ya mbele ya simu mpya. Bibi akaishika simu mbali na macho, akaitazama weee.

"Mjukuu wangu, huyu nani?"

"Si wewe, bibi."

"Mimi? Na nembo zangu mmezipeleka wapi?"

Zilikuwa hazipo. Uso laini kama yai lililomenywa, umepauka, kidevu kimechongoka. Simu ilikuwa na kile kipengele cha urembo, na kwayo chale ya heshima na chunusi ni kitu kimoja: dosari ya kufutwa.

Simu nyingi zinazouzwa kwetu zinakuja kipengele hicho kikiwa kimewashwa, hasa kamera ya mbele. Fungua kamera, tafuta alama ya uso wenye vinyota au neno la urembo, shusha kila kitu mpaka 0, kisha piga picha, funga kamera, ifungue tena uhakikishe haijajiwasha. Fanya hivyo leo, maana picha ikishahifadhiwa hivyo hairudi. Kilichofutwa hakikuandikwa popote. Ilibidi tumrudie bibi. Safari ile alikaa mlangoni, kamera ya nyuma, mwanga wa pembeni, na nembo zikasimama kama maandishi. Akasema, "Haya, huyu namjua."

Sura inaweza pia kupotoshwa bila urembo wowote. Pua kubwa kwenye selfi inatokana na ukaribu: simu iko sentimita 30 tu, na kilicho mbele kinakua. Mpe mtu mwingine simu, arudi hatua mbili. Na wale waliosimama pembeni mwa picha ya kundi wakatoka na vichwa vya boga, mlitumia lenzi pana, ile ya 0.5. Rudisha 1, nyinyi ndio mrudi nyuma. Kuvuta kwa vidole usiku ukumbini pia acha. Unapanua chenga tu.

## "Ina mistari inayopita"

Umeme wetu, Tanzania na Kenya, unakwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na tyubu na taa nyingi za LED za bei rahisi zinafumba na kufumbua mara 100. Jicho halioni, kamera inaona. Kwenye mipangilio ya kamera ya baadhi ya simu kuna sehemu ya kuzuia kuwaka-zima, chagua 50. Kama una hali ya kitaalamu, weka muda wa mlango wa mwanga uwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Mistari ikiendelea hata ukiwa nje juani, basi si taa, ni kamera yenyewe. Fundi.

## "Kwangu safi, kwake imechakaa"

WhatsApp inapunguza picha kabla ya kuituma ili isile bando. Tangu 2023 kuna alama ya HD juu ya picha unapotaka kutuma, ibonyeze. Ukitaka ifike kama ilivyo bila kupunguzwa hata kidogo, itume kama hati: alama ya kiambatisho, hati, kisha chagua picha. Mpokeaji ataona jina la faili badala ya picha, wengine watauliza "hii ni nini?", waambie wafungue.

Kibaya zaidi ni kupiga skrinishoti ya picha iliyowekwa kwenye status. Unapata picha iliyobanwa, yenye maandishi na emoji juu yake, na baada ya saa 24 ile ya asili huioni tena. Ukipenda picha ya mtu, muombe. Hakuna aliyewahi kukasirika kwa kuombwa picha ya mwanawe, ingawa wapo waliokasirika kuiona imesambazwa bila kuulizwa, na hasa za ndani, wanawake wakiwa wamejiachia bila mitandio. Hizo haziendi kwenye kundi la ukoo.

Kosa jingine halionekani haraka. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida inavuliwa kumbukumbu zake za ndani: ilipigwa lini, wapi. Jina kama IMG-20240105-WA0003 linakwambia siku ilipopita WhatsApp, halikwambii siku mtoto alipoota jino. Ukipokea picha muhimu, iandikie maelezo siku hiyo hiyo.

Na ukikuta picha za mwaka jana zimejipanga chini ya Januari 1970, hujalogwa. Simu iliishiwa chaji ikasahau saa, na huko ndiko kompyuta nyingi zinakoanzia kuhesabu. Washa tarehe ya mtandao, kisha sahihisha picha moja moja kwenye galari.

## "Simu imejaa, nimefuta, sasa zimepotea"

Hii ndiyo ya saa 5 usiku. Simu inajaa si kwa picha zako. Inajaa kwa maua ya "asubuhi njema", video za mahubiri, na vichekesho vilivyorudiwa katika makundi saba. Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, upange kwa ukubwa, ufute hapo. Kisha zima upakuaji wa moja kwa moja. Ukiwa na haraka kwenye galari ndipo unapofuta ya mtoto pamoja na ya mahubiri.

Halafu kuna mtego uliomnasa binamu. Simu yake ilikuwa inapeleka picha Google Photos, ghala la picha la mtandaoni. Akajua ziko salama "kule juu", akazifuta kwenye simu ili apate nafasi. Alipofungua kule juu, nako hazipo. Ukifuta ndani ya programu ile unafuta pande zote mbili. Ukitaka nafasi bila kupoteza, tumia kitufe chake cha kuongeza nafasi kwenye kifaa. Chenyewe kinaondoa nakala za simu tu, zile zilizokwisha kupanda. iPhone na iCloud, ghala la mtandaoni la Apple, nao ni hivyo hivyo: futa huku, imefutika na huko.

Aliokolewa na pipa la taka. Google Photos hushika picha zilizokuwa zimehifadhiwa juu kwa siku 60, ambazo hazikuhifadhiwa siku 30. iPhone ina albamu ya zilizofutwa karibuni, siku 30 pia. Angalia huko kwanza kabla ya kulia. Kama zilikuwa kwenye memori kadi, itoe mara moja na usiandike kitu kingine juu yake. Mwenye kompyuta na programu ya kurejesha faili anaweza kuzitoa, mradi hazijafunikwa na nyingine.

Jua pia kwamba nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na tangu Juni 2021 picha zinahesabiwa humo pamoja na barua pepe. Ikijaa, picha mpya zinaacha kupanda, na wewe unaendelea kuamini zinapanda.

Swali la mwisho hapa: akaunti hiyo ni ya nani? Mama yangu alinunua simu, kijana wa dukani akamfungulia barua pepe palepale kwa jina alilolitunga na neno la siri alilolijua yeye. Miaka mitatu ya picha ilipanda kwenye akaunti hiyo. Simu ilipoibiwa kwenye daladala, picha zote zilikuwa salama kabisa mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kufungua mlango. Leo hii chukua simu ya mzazi wako, tazama ni barua pepe gani iliyomo, badilisha neno la siri mkiwa pamoja, weka namba yako ya kurejeshea, na uandike kwenye daftari la nyumbani, lile la madeni.

## "Picha za zamani za karatasi zinatoka na doa jeupe"

Doa ni flashi, au dirisha linajitazama kwenye karatasi inayong'aa. Zima flashi. Laza picha mezani karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, simama usiweke kivuli chako, shika simu sambamba na meza, rudi juu kidogo na uvute mara 2 ili pembe zisipinde. Doa likibaki, vaa nguo nyeusi au ning'iniza buibui nyuma yako. Kioo hakitakuwa na cheupe cha kurudisha.

Kwa joto na unyevu wa Pwani, picha nyingi za fremu zimegandana na kioo chake. Usiibandue! Uso wa marehemu utabaki kwenye kioo. Ipige ikiwa humo humo.

Kisha geuza picha upige na mgongo. Kuna muhuri wa studio, tarehe, na mara nyingi mwandiko: "Kwa dada mpendwa, nikumbuke." Kama yupo mzee anayewajua waliosimama pale, washa kinasa sauti cha simu, muoneshe picha, muache aseme bila kumkatiza. Baba yangu mkubwa alianza na "huyu ni Mzee wa ushirika" akaishia, dakika 20 baadaye, kwenye ng'ombe aliyeuzwa ili kulipia safari ya kwenda studio.

## "Ninazo elfu nne, na mama hayupo"

Yupo kwenye harusi mbili na msiba mmoja, amesimama wima kama askari. Jikoni hayupo, kwa sababu jikoni husema, "Niache, sijavaa vizuri."

Usimuombe asimame. Kaa naye, muache akuone unapiga picha za vitu: kinu, mbuzi ya nazi, sufuria lililokatika mkono. Piga mikono yake kwanza. Mikono haioni haya. Lenga chini kwenye kifumbu kinapokamuliwa, tui likidondoka, kidole chenye pete iliyokwisha kuwa nyembamba. Akishaizoea simu, uso utakuja wenyewe, kwa kawaida anapocheka kwamba unapoteza chaji. Rekodi na video ya sekunde 10, simu umeishika kwa upana, bila kuongea wewe. Sauti ya nazi ikikunwa haimo kwenye picha.

Mwezi ukiisha, chagua picha 5 tu, peleka faili zenyewe studio zikachapwe inchi 4 kwa 6. Kwa ukubwa huo karatasi inataka kama pikseli 1200 kwa 1800, na simu yoyote ya leo inazo, mradi hazikupitia WhatsApp kwa njia ya kawaida. Nyuma andika majina kwa penseli. Peni inachomoza upande wa pili. Zetu mama anaziweka kwenye kopo la biskuti, pamoja na vyeti vya kuzaliwa.